Msituambie ushauri ni maneno matupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nitaandika ndefu na mtaikata, ila mkiikata msikate pale katikati maana ndo penye hoja yenyewe.

Kuna msomaji mwenzetu majuzi aliandika humu kwamba serikali na mashirika waache kupoteza hela kwenye mambo ya ushauri na elimu ya mafao, eti maskini hahitaji kushauriwa anahitaji hela, ushauri hauliwi, kwahiyo bajeti yote ya vitu hivyo ichukuliwe igawiwe mkononi kwa wahitaji tumalize. Nimeona watu wengi wanamsifia. Na mimi nusu ya aliyosema nakubaliana nayo kabisa, maana semina za hotelini za watu kula kuku na kusaini posho halafu mwananchi aliyetajwa kwenye bango haoni hata karatasi moja, hizo tumeziona sote na hakuna wa kuzitetea. Lakini huyu ndugu kachanganya vitu viwili, semina na ule ushauri wa mtu kukaa na mtu akamwelekeza, na hicho cha pili ndo kimenifanya nikae kuandika usiku huu badala ya kulala.

Mimi nina steshenari hapa Morogoro, karibu na mahakama ya mwanzo na ofisi zingine mbili tatu za serikali. Kopi, kuprinti, kuchapa barua, pasipoti saizi, kulamineti. Sio mwanasheria, sio afisa ustawi wa jamii, shule niliishia fomu foo. Ila karatasi za shida za watu zinapita kwenye mashine yangu karibu zote, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya kuachishwa kazi, barua ya mtendaji, fomu za mifuko ya hifadhi ya jamii, na wenye hizo karatasi wanasimama mbele yangu wakati mashine inapata moto, sasa hapo unawaona vizuri kuliko hata yule wa dirishani anayewaona dakika mbili kupitia kioo.

Kitu nilichokizoea ni hiki: mtu asiyejua anatakiwa kupeleka nini anatoa kopi kila kitu. Anamwaga faili zima juu ya kaunta, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa hivi yuko sekondari, risiti ya umeme, kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo, barua ya mwaka juzi, anakwambia dada toa zote, mbilimbili. Ukimuuliza kwani umeambiwa ulete nini, anasema wamesema viambatanisho. Viambatanisho vipi? Hajui, na hakuuliza mara ya pili kwa sababu ya kwanza alijibiwa kwa mkato na nyuma yake foleni inamsukuma. Kwangu ni mia kwa kila karatasi kwahiyo biashara inaenda, sikatai, ila huwa inaniuma kuona mtu anahesabu mia mia za nauli kutoa kopi ya risiti ya umeme ambayo hakuna ofisi duniani itaiomba. Na huyohuyo ndo anaondoka ameacha cheti halisi ndani ya mashine, namkimbilia mpaka barabarani. Ndo anaacha chenji. Ndo nikimuuliza namba yake ya simu anataja namba pungufu. Sasa mlinganishe na aliyekaa na mtu akaelekezwa, huyo anakuja na karatasi tatu mkononi, anasema hii mbili, hii moja, hii original naenda nayo, analipa na anadai chenji yake kwa sauti. Huyu wa pili hajapata hata senti bado! Umaskini uleule, msiba uleule, kilichobadilika ni kwamba anajua kesho asubuhi anaanzia wapi.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu, na nimebadilisha vitu kidogo ili mwenyewe asijulikane. Kuna mama mmoja mumewe alikuwa mlinzi kwenye kampuni, akafariki, ameacha watoto wadogo. Mama huyu anauza vitumbua. Baada ya arobaini mashemeji wakaanza maneno, nyumba ni ya ukoo, hela ya kazini ni ya ukoo, wewe mama tulia tutakushughulikia. Kampuni wakamwambia aende kwenye mfuko, mfuko wakamwambia majina hayafanani, kwenye kitambulisho cha NIDA mumewe anaitwa Ramadhani, kwenye karatasi za kazi kaandikwa Ramadhan bila i ya mwisho, na kwenye cheti cha ndoa wamempa jina la babu ambalo kwengine halipo. Aende akaape. Kuapa wapi? Kwa wakili, hela. Mahakamani wakamuuliza muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi, kikao chenyewe mashemeji ndo hawataki kukaa. Alikuwa anakuja dukani kwangu hana hata cha kutoa kopi, anakaa tu kwenye benchi. Alikonda. Vitumbua aliacha kukaanga, akaniambia anaumua unga anausahau, unachachuka mpaka unamwagika. Presha ikapanda akaenda hospitali akapewa dawa, daktari kamwambia mama punguza mawazo. Punguza mawazo! Yani kama vile ni chumvi.

Aliyemsaidia ni dada mmoja msaidizi wa kisheria, hawa wa kujitolea, anatembea na mkoba wake umechakaa, hana ofisi, ofisi yake ni benchi langu lilelile. Alimkalisha yule mama kama lisaa hivi, kwanza akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, ambalo nadhani lilikuwa halijatokea tangu msiba, halafu akageuza karatasi iliyoharibika kwenye printa akaandika nyuma yake kwa peni. La kwanza, hati ya kiapo ya majina, utaipata pale, gharama yake kiasi hiki, ukiambiwa zaidi rudi kwangu. La pili, kikao cha ukoo, tutamwendea mwenyekiti wa mtaa awaandikie barua mashemeji, na wasipokuja bado mahakama inaweza kukusikiliza, hawana uwezo wa kukufungia mlango kwa kutokuja tu. La tatu, ukishateuliwa msimamizi wa mirathi unatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 4, hii watu wengi hawaambiwi halafu baadae inawageukia. La nne, akamwambia ukweli mchungu, shemeji mama haya hayataisha mwezi huu wala ujao, na kwenye nyumba sikuahidi kitu maana kiwanja kina jina la baba mkwe. (Anamwita shemeji kwa utani, ndivyo alivyo.)

Sasa ndugu yangu uliyesema ushauri hauliwi, sikiliza hapa. Hela ya mfuko ilichelewa sana kutoka baada ya siku hiyo. Lakini yule mama wiki ileile alirudi kukaanga vitumbua. Nilimuuliza kimetokea nini, akasema hakijatokea kitu, ila sasa hivi usiku nikiamka najua nawaza nini, zamani nilikuwa nawaza vyote kwa pamoja. Ile karatasi aliibandika ukutani, kila kinachokamilika anakikata kwa mstari. Hapo ndo nilipoelewa kwamba kinachomchosha mtu sana ni kutojua amesimama wapi na nani ana mamlaka ya kumkatalia, umaskini wenyewe amekuwa nao toka azaliwe na ameshaujulia namna ya kuishi nao.

Kuna mwanafunzi wa chuo alileta kazi yake niprinti, nikawa naisoma huku inatoka (samahani kwa wateja wangu, ndo ukweli, tunasoma). Alikuwa ameandika kuhusu utafiti uliochapishwa 2013 kwenye jarida la Science, wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Waliwapima wakulima kabla ya kuvuna, wakati hela imeisha na madeni yamesimama, halafu wakawapima tena walewale baada ya kuvuna na kulipwa. Mitihani yenyewe ni ya kufikiri tu, maumbo na namba. Kabla ya mavuno walifanya vibaya kuliko baada. Walewale! Hawakusoma shule hapo katikati, hawakuongezeka akili, walipata tu ahueni. Najua huyu msomaji mwenzetu atasema si unaona, wape hela. Sawa, na mimi nasema wapeni. Ila hela hiyo ukitaka kuipata lazima upitie fomu, na fomu inajazwa lini? Inajazwa kabla ya mavuno, kwa kile kichwa kilichojaa. Ndo wakati tunaomtaka mtu akumbuke tarehe ya kuajiriwa, namba ya uanachama, jina la shule ya mtoto, na aelewe Kiswahili cha kiofisi ambacho hata mimi ninayekichapa kila siku mistari mingine naipita tu.

Humohumo kwenye kazi ya yule mwanafunzi kulikuwa na habari za Uingereza, wana ofisi zinaitwa Citizens Advice, zilianza 1939 vita kuu ya pili ilipoanza, watu wamepotezana, vyakula kwa mgao, madeni, kila mtu anauliza aende wapi. Vita iliisha ofisi zikabaki mpaka leo, na sehemu nyingine mshauri wa mafao anakaa hukohuko kwenye kituo cha daktari, kwa sababu madaktari waliona mgonjwa anarudi kila wiki na kichwa kinamuuma lakini kinachomuuma ni deni la nyumba. Waliofuatilia wateja wa ushauri wa namna hiyo waliona walionufaika zaidi moyoni ni wale ambao ushauri ulizaa kitu, mafao yakatoka au deni likapangwa. Hilo naliamini, sio kila aliyeshauriwa anafurahi. Mimi naongezea tu la kwangu la hapa kaunta, kwamba hata yule aliyeambiwa hapana, mradi kaambiwa kwa sababu na kwa heshima, anatoka ametulia kuliko aliyeambiwa njoo kesho. Njoo kesho ndo sumu. Mtu akiambiwa hapana anaenda kulima, akiambiwa njoo kesho halimi, hafanyi biashara, anangoja.

Ngoja niwakumbushe jambo la kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya wastaafu, maana hapo hata wasomi waliumwa. 2018 ilipokuja kanuni mpya ya mkupuo (ile hela ya mafao unayopewa kwa pamoja ukistaafu) wa 25% wastaafu watarajiwa walichanganyikiwa nchi nzima, Desemba hiyohiyo Rais Magufuli akasitisha, 2022 ikaja 33%, halafu bajeti ya 2024/25 ikapandisha mpaka 40% kwa wale waliokuwa wanapata 50% huko nyuma na 35% kwa wale waliokuwa kwenye 25%. Mimi hapa nilikuwa naprinti meseji za WhatsApp. Sio utani, walimu wanakuja na meseji ndefu imeforwadiwa mara elfu, wanataka iprintiwe wakasome vizuri nyumbani, na kila meseji ina hesabu yake, hii inasema utapata milioni 60 ile inasema 28. Mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima wa kuheshimika, alikuwa anakuja na kikokoteo cha mwanae kwenye begi, anapiga hesabu palepale kwenye benchi, anafuta, anapiga tena. Alisema hajalala tangu Pasaka. Siku moja akapita anacheka, kaenda ofisi ya mfuko, kamkuta kijana mmoja mwenye subira akamfungulia taarifa zake, akampigia hesabu kwa mshahara wake mwenyewe na miaka yake mwenyewe, akamwandikia namba mbili, ya mkupuo na ya kila mwezi. Zilikuwa ndogo kuliko meseji zote! Na mwalimu anacheka. Akasema sasa najua nyumba nitaishia kwenye renta, bati atapiga mwanangu.

TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, pia niuzungumzie maana huko ndo walipo walengwa wenyewe ambao msomaji alikuwa anawatetea. Ruzuku inatolewa kwa vipindi, kuna ya msingi na kuna inayoendana na masharti, watoto waende shule, wadogo waende kliniki, halafu kuna ajira za muda na vikundi vya kuweka akiba. Inasikika rahisi ukisoma hapa. Ila bibi wa miaka sabini na kitu akipokea pungufu ya mara iliyopita hajui ni sharti gani, yeye anajua mwenyekiti hampendi. Nimeshuhudia bibi mmoja amenuniana na jirani yake kwa ajili hiyo, anaamini jirani kamchongea, hawaazimani hata kiberiti, na kumbe mjukuu kahamia shule nyingine na taarifa hazikupelekwa zikabadilishwa. Aliyemweleza ni mtu wa ofisi hiyohiyo siku ya malipo, alikaa nae pembeni dakika kumi. Bibi alirudi na njia ya kwa jirani. Hizo dakika kumi ziko kwenye bajeti gani? Na hivi malipo yanavyozidi kwenda kwenye simu shida nyingine ni laini, bibi anatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtoto wake aliyeko Dar, jina haliingiliani, hela haifiki, na bibi anaenda kuambiwa mtandao unasumbua. Mtu mmoja tu akae pale aseme bibi, laini hii si jina lako, nenda kasajili kwa NIDA yako urudi. Kwisha.

Halafu ukiacha nafasi wazi haibaki wazi, inajazwa. Inajazwa na vishoka wanaozunguka hapa nje na bahasha, nipe elfu hamsini nikuwahishie faili. Inajazwa na meseji za mikopo, zile tuma elfu ishirini ya fomu upokee mkopo wa wanawake, wakati ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, kwa wanawake ni ya vikundi na unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, hakuna cha kumtumia mtu hela. Akina mama wakishatapeliwa hiyo elfu ishirini hawasemi kwa waume zao, wanakaa nayo moyoni, wanaanza kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kuziba. Huo nao ni ushauri, ushauri mbaya, na wenyewe uko kila kona bure kabisa bila semina.

Na watu wanasikiliza ndugu zao. Ndugu zetu wanatupenda ila ushauri wao mwingi ni acha tu, utashindana na serikali wewe? Kuna kijana alikatwa vidole viwili na mashine kiwandani, mjomba wake kamwambia ukidai watakufukuza, shukuru Mungu kakuacha hai. Kakaa kimya miezi. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, upo tangu 2015, anayeuchangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata shilingi, na madai yana ukomo wa miezi 12. Kijana hajui vyote hivyo, anaficha mkono mfukoni akiongea na watu. Alikuja kupiga picha ya pasipoti kwa ajili ya kuomba kazi nyingine, ndo mteja mwingine aliyekuwa pale akamuona vidole akamuuliza. Kwa bahati muda ulikuwa bado. Ndo namna tunavyoendesha hii nchi, kwa bahati ya nani alikuwa kwenye foleni ya steshenari siku hiyo.

Wazee ndo kabisa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, na hospitali zina maafisa ustawi wa jamii wa kushughulikia msamaha. Nenda sasa hospitali yoyote uulize ofisi ya ustawi iko wapi. Mwisho wa korido, nyuma ya stoo, mlango umefungwa yuko kwenye kikao, na mara nyingi ni mmoja hospitali nzima. Mzee anaanza dirisha la malipo kwanza, anaona bei, anarudi nyumbani kuuza mbuzi. Hakukataliwa na mtu, hakufika tu kwa mtu wa kumuuliza. Na hapa nikubali jambo moja upande wa yule msomaji, ushauri nao una kikomo, mzee akishapata msamaha halafu dawa hakuna akaambiwa kanunue nje, hapo hata umletee mshauri kutoka mbinguni haisaidii. Hatuwezi kuweka watu wa kueleza haki ambazo hazipo kwenye kabati.

Serikali sio kwamba imelala, tuseme haki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, inawatambua wasaidizi wa kisheria, inataka wasajiliwe, na msaada wenyewe ni bure ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani kukuwakilisha. 2023 ikaja Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, mahema yanawekwa uwanjani, mawakili wanakuja, watu wanajaa toka alfajiri na migogoro ya ardhi na mirathi ya miaka. Mimi siku hizo nauza kopi mpaka wino unaisha. Ni kitu kizuri sana. Ila hema likifunguliwa kamba watu wanabaki na faili walilofunguliwa, na hatua inayofuata ni mwezi ujao, na mwezi ujao hakuna hema. Mawazo ya mtu hayaji kwa ratiba ya kampeni. Mtu anahitaji sura moja anayoijua, mahali pamoja, Jumanne hii na Jumanne ijayo.

Kwahiyo ninachoomba ni kidogo. Siku ya malipo ya TASAF awepo mtu mmoja ambaye kazi yake sio kulipa wala kuhakiki, ni kujibu tu maswali. Hospitali ile ofisi ya ustawi itolewe mwisho wa korido iwekwe kabla ya dirisha la malipo, mtu aione kwanza. Kila ofisi imuandikie mwananchi kwenye karatasi anachotakiwa kuleta, mistari mitano, muhuri, tarehe, ili kesho akikuta mtu mwingine asianzishwe upya (hii itaniharibia biashara ya kopi, najua, nitauza vocha). Na hawa wasaidizi wa kisheria wapewe nauli jamani. Yule dada niliyemsema anatembea kwa miguu kata nzima, anabeba misiba ya watu, ugomvi wa watu, vipigo vya wanawake, jioni anakaa kwenye benchi langu anatazama tu barabara. Nimewahi kumuuliza na wewe nani anakushauri, akacheka akaomba maji ya kunywa. Kama tunasema ushauri unapunguza mzigo basi mzigo huo unahamia mahali, unahamia kwake, na yeye hayuko kwenye orodha ya walengwa wa kitu chochote.

Najua swali litakuwa hela itoke wapi. Itoke kwenye zile semina za hotelini, hapo mimi na msomaji mwenzangu tunapeana mkono. Tofauti yetu ni kwamba yeye anataka ifutwe, mimi nataka ishuke, itoke ukumbini ije kwenye benchi.

Na wewe Mhariri usikae pembeni. Gazeti lenu lina ukurasa mzima wa mkeka na nyota za wiki. Tupeni robo ukurasa kila wiki, jambo moja tu kila wiki, wiki hii kiapo cha majina, wiki ijayo fomu za mirathi, inayofuata msamaha wa matibabu, kwa Kiswahili cha kawaida kama hiki ninachoandika, na muulize wahusika kabla ya kuchapa msije mkawa na nyie WhatsApp. Mimi nitaikata niibandike mlangoni kwangu.

Ni mimi,
Mwenye steshenari, Morogoro

NB: Tuanze na hii hapa mkitaka. Kama umeachishwa kazi na unaona umeonewa, unatakiwa kupeleka shauri CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, zinahesabiwa tangu ulipoachishwa, sio tangu siku HR atakayokupigia kama alivyokuahidi. Fomu inaitwa CMA F.1. Nakala moja unampelekea mwajiri kwanza na asaini kwamba amepokea, hiyo saini watu wengi wanaisahau wanarudishwa. Siku zikishapita bado kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F.2, ila ujiandae kueleza ulikuwa wapi.